Uhai wa mtoto mchanga hutegemea huduma anazopata mama

KATI ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai nchini Kenya, 32 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kati ya hao 32, watoto 21 hawamalizi hata mwezi mmoja. Takwimu hizo zilitolewa na Utafiti wa Kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya, KDHS, wa mwaka wa 2022, na zinabeba ujumbe mzito kuliko zinavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Utafiti kama huo uliofanywa 2003 ulionyesha kuwa watoto 77 kati ya kila 1,000 walikuwa wakifariki kabla ya mwaka mmoja, 33 kati yao wakiwa katika mwezi wa kwanza. Kwa maneno mengine, vifo vinavyotokea baada ya mwezi wa kwanza vilipungua kutoka 44 hadi 11, yaani kwa robo tatu. Vile vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa zaidi kidogo ya thuluthi moja tu.

Mtoto aliyevuka mwezi wa kwanza hukutana na kinga nyingi. Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa humu nchini 2011, na ile ya virusi vya rota vinavyosababisha kuhara ikafuata 2014. Kuna neti zilizotiwa dawa ya kuua mbu, na kuna mchanganyiko wa chumvi na sukari anaopewa mtoto anayehara ili asiishiwe na maji mwilini. Kinga hizi zote humfikia mtoto mwenyewe.

Mtoto wa siku tatu, kwa upande mwingine, huuawa na mambo tofauti: kuzaliwa kabla ya siku kutimia, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi yanayoingia damuni. Chimbuko la mengi ya hayo limo katika mwili wa mama, katika kliniki aliyohudhuria au aliyokosa kuhudhuria, na katika chumba alimojifungulia. Ndiposa anayetaka kuokoa watoto wachanga hana budi kuanza na huduma za afya ya uzazi kwa mama.

Maana ya huduma za afya ya uzazi

Wengi wanaposikia neno afya ya uzazi hufikiria upangaji uzazi pekee. Huduma hizi ni mnyororo mrefu zaidi. Unaanza na elimu kwa vijana kuhusu miili yao, unapitia upangaji uzazi, matibabu ya maradhi ya zinaa, kliniki ya wajawazito, kujifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, na kuishia kwenye uangalizi wa mama na mtoto baada ya kuzaa, ambapo mzunguko huanza upya.

Katiba ya Kenya iliyoidhinishwa 2010 inautaja waziwazi mnyororo huo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Kwa msingi huo, mama anayefunga safari ya kwenda zahanati hafuati msaada wala hisani, anafuata haki yake.

Kabla ya mimba

Hatua ya kwanza ya kumlinda mtoto hutokea kabla hajatungwa mimba. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kuwa mama aliyejifungua asubiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Ujauzito na unyonyeshaji hutumia akiba ya madini ya chuma na virutubisho vingine mwilini mwa mama. Akishika mimba mapema mno, mwili huingia kazini ukiwa na ghala tupu. Mtoto anayefuata anakuwa katika hatari ya kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzani mdogo. Aliyemtangulia naye huachishwa ziwa mapema, hivi kwamba mimba moja huhatarisha watoto wawili.

Umri wa mama ni jambo jingine. Msichana ambaye mwili wake bado unakua hushindania chakula na mtoto aliye tumboni. Wasichana wengi wa umri huo pia huficha mimba kwa miezi kadhaa kwa hofu ya wazazi na walimu, wakachelewa kufika kliniki. KDHS ya 2022 iligundua kuwa asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika Kaunti ya Samburu kiwango hicho kilikuwa asilimia 50, na katika Pokot Magharibi asilimia 36.

Kenya ina historia ndefu katika upangaji uzazi. Mnamo 1967 ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara kuanzisha mpango rasmi wa kitaifa. Hata hivyo, miaka kumi baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto wanane kwa wastani. Kufikia 2003 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi watoto 4.9, na kufikia 2022 ukawa 3.4. Katika kipindi hicho cha mwisho, wanawake walioolewa wanaotumia mbinu za kisasa kama sindano, vipandikizi, tembe na koili waliongezeka kutoka asilimia 32 hadi asilimia 57.

Mafanikio hayo yamesimama juu ya nguzo zinazoweza kutikisika, kwa kuwa sehemu kubwa ya bidhaa za kupanga uzazi imekuwa ikinunuliwa kwa fedha za wafadhili. Mnamo Aprili 2021, Uingereza ilipunguza kwa asilimia 85 mchango wake kwa mpango wa Umoja wa Mataifa wa kusambaza bidhaa hizo. Mnamo Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mwanamke anayefika zahanati na kuambiwa sindano zimeisha hana njia ya kuahirisha mimba hadi shehena nyingine itakapowasili.

Kinachofanyika kliniki

Mama anapojua ana mimba hushauriwa kufika kliniki mapema iwezekanavyo. Tangu 2016, WHO imependekeza mahudhurio manane badala ya yale manne yaliyozoeleka hapo awali, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kumalizika. Kwa mujibu wa KDHS ya 2022, asilimia 98 ya akina mama nchini walihudumiwa na mtaalamu angalau mara moja wakiwa wajawazito, lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66. Theluthi moja kwa hivyo huonja tu huduma hii bila kuimaliza.

Anayeiona kliniki kama mahali pa kupimwa tumbo na kupigwa muhuri kitabuni huenda asijue anachokosa. Kipimo cha shinikizo la damu hutambua dalili za mapema za kifafa cha mimba, maradhi yanayoweza kumuua mama na kumlazimisha mtoto kuzaliwa mapema. Kipimo cha damu hufichua kaswende, ambayo isipotibiwa huweza kuua mtoto tumboni au kumwachia ulemavu, ilhali sindano ya penisilini inatosha kumkinga. Tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki huzuia upungufu wa damu.

Asidi ya foliki inaonyesha vizuri umuhimu wa muda. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika takriban siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Virutubisho hivyo vikikosekana wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na tembe za mwezi wa tano haziwezi kurekebisha hali hiyo. Kwa sababu hii, tangu 2012 kampuni za kusaga unga wa mahindi na wa ngano zimetakiwa kisheria kuongeza asidi ya foliki na madini ya chuma katika unga wa pakiti. Familia zinazosagiwa mahindi katika vinu vya mtaani hazifikiwi na kinga hiyo, na ndizo zinazohitaji zaidi kliniki ya mapema.

Katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, kunako malaria nyingi, wajawazito hupewa neti pamoja na dawa ya kuzuia malaria. Vimelea vya ugonjwa huo hujificha katika kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, hata pale ambapo mama mwenyewe hahisi homa.

Mifano miwili huthibitisha nguvu ya kliniki. Wa kwanza ni pepopunda, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto waliokatwa kitovu kwa wembe au kisu kichafu. Mama anapochanjwa, kinga yake humfikia mtoto aliye tumboni. Mnamo 2019 ilitangazwa kuwa Kenya imefaulu kuangamiza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma.

Mfano wa pili ni virusi vya Ukimwi. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye virusi huambukizwa. Mama akipimwa mapema na kumeza dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya watano. Tangu 2014, mwongozo wa Kenya umekuwa kwamba kila mjamzito anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa hizo na aendelee nazo maisha yake yote. Yote hayo hutegemea jambo moja: kwamba mama alifika kliniki na akapimwa.

Vizingiti vitatu

Mnamo 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa maafa ya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza hutokea nyumbani, katika kuamua kutafuta msaada. Wa pili hutokea njiani. Wa tatu hutokea hospitalini kwenyewe, mama akisubiri kuhudumiwa. Maelezo hayo yalimhusu mama, lakini yanamfaa mtoto kwa kiwango kile kile, kwa kuwa wawili hao husafiri pamoja.

Katika boma nyingi, uamuzi wa kumpeleka mama hospitalini hauko mikononi mwake. Husubiri mume arudi kutoka malishoni au mjini, au mama mkwe atoe kauli. Iwapo mama mkwe alizaa watoto wake wote nyumbani na wakaishi, hoja ya hospitali huonekana kama uoga wa vijana. Wale waliofariki hutajwa kwa nadra.

Njiani napo pana shida zake. Mama wa Nairobi anaweza kuwa na zahanati ndani ya kilomita chache, ilhali mwenzake wa Turkana au Mandera husafiri mwendo mrefu juu ya pikipiki, uchungu ukiwa umemshika. KDHS ya 2022 ilibaini kuwa asilimia 89 ya wanaojifungua nchini walisaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi, lakini katika kaunti za Turkana, Mandera, Wajir, Samburu na Tana River kiwango kilikuwa chini ya asilimia 60.

Ucheleweshaji wa tatu ndio mkali zaidi kwa mtoto. Kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100 huhitaji kusaidiwa ili waanze kupumua. Wengi wao huhitaji tu kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na wachache kupulizwa hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso. Kazi hiyo inapaswa kufanywa ndani ya dakika moja, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Kila dakika inayozidi hapo bila hewa huongeza hatari ya ubongo kuumia, na atakayeokoka anaweza kuishi na ulemavu. Iwapo muuguzi ni mmoja na akina mama wanaojifungua ni watatu, dakika hiyo hupita bila mtu kuitambua.

Ada na mlango wa hospitali

Kwa miaka mingi, kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa pesa. Serikali ilianza kutoza ada katika vituo vya umma Desemba 1989, ikazisitisha 1990, kisha ikazirejesha 1992. Mwaka wa 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi Sh10 na Sh20, na 2007 malipo ya kujifungua katika vituo hivyo yakafutwa. Kuanzia 2006, akina mama maskini wa Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi waliweza kununua vocha ya Sh200 iliyowagharimia kliniki na kujifungua.

Hata hivyo, hospitali kubwa ziliendelea kutoza. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kuhusu wanawake wawili waliozuiliwa 2010 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Mahakama ilisema haki zao za kikatiba zilikuwa zimekiukwa. Mama anayejua kuwa anaweza kufungiwa pamoja na mtoto wake kwa sababu ya deni ana sababu nzuri ya kuogopa lango la hospitali.

Mabadiliko makubwa yalikuja Juni 1, 2013, wakati Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kuwa kujifungua katika hospitali zote za umma kungekuwa bila malipo. Mpango huo ulihamishiwa baadaye katika bima ya NHIF kwa jina Linda Mama, ukajumuisha kliniki na huduma baada ya kuzaa. NHIF ilipofungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanza kazi Oktoba 1, 2024, Linda Mama ilifikia kikomo na nafasi yake ikachukuliwa na Linda Jamii. Chini ya utaratibu huu, mama hutakiwa awe amesajiliwa na mchango wa familia yake uwe umelipwa, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Kwa mama anayeuza mboga au kufua nguo za watu, mchango huo nao unaweza kuwa kizingiti iwapo mimba itamkuta bila akiba.

Matokeo ya kuondoa ada yalionekana. Akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 40 mwaka wa 2003 na asilimia 43 katika utafiti wa 2008-09. Walifika asilimia 61 mwaka wa 2014 na asilimia 82 mwaka wa 2022.

Mlango kufunguka hakutoshi

Hapa ndipo takwimu zinapoibua swali gumu. Kati ya 2014 na 2022, idadi ya wanaojifungulia vituoni ilipanda kwa pointi 21 nzima za asilimia. Katika kipindi hicho hicho, vifo vya watoto katika mwezi wa kwanza vilishuka kutoka 22 hadi 21 tu katika kila 1,000. Akina mama waliitikia mwito wa kwenda hospitalini, lakini watoto wao hawakupata faida iliyotarajiwa.

Jibu halimo katika kuwarudisha akina mama nyumbani. Limo katika kile walichokipata walipofika. Wanaojifungua waliongezeka kwa kasi ambayo vitanda, wakunga na vifaa havikuweza kuifikia. Huduma za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka huo huo wa 2013, na zikafuatiwa na migogoro ya wafanyakazi. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa wauguzi wa 2017 ukadumu takriban miezi mitano. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Uchungu wa uzazi haungoji makubaliano ya kurudi kazini.

Mnamo Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliagiza mama mmoja alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Alikuwa amejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka wa 2013, miezi michache baada ya tangazo la huduma za bure, na wauguzi wakamdhalilisha. Uamuzi huo uliweka wazi kwamba huduma ya bure isiyokuwa na heshima wala vifaa haitimizi haki inayotajwa katika Katiba.

Linalotia moyo ni kuwa mengi ya yanayohitajika hayahitaji mitambo ya bei ghali. Mnamo 1978 madaktari wa Bogotá, Colombia, waliokuwa na uhaba wa mashine za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, walianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu anavyombeba mwanawe. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanywa katika nchi tano ikiwemo Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wenye uzani mdogo wakibebwa hivyo mara tu wanapozaliwa, vifo vyao hupungua kwa robo. Gharama yake ni kitambaa, kiti na nafasi ya mama kukaa karibu na mtoto wake.

Kenya ilishiriki katika utafiti mwingine uliotolewa 2020, uliothibitisha kuwa sindano ya deksamethasoni kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati hupunguza vifo vya watoto hao. Dawa hiyo ni ya bei nafuu. Hata hivyo, inafaa tu pale ambapo umri wa mimba unajulikana kwa uhakika na mtoto atakuwa na mahali pa kutunzwa akizaliwa. Kwa hivyo mama aliyechelewa kuanza kliniki anaweza kufika hospitali nzuri na bado asinufaike, kwa kuwa hakuna anayejua mimba yake ni ya wiki ngapi.

Usalama wa mama nao ni ngao ya mtoto. Utafiti wa 2023 uliohusisha hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kuwa kupima damu inayotoka kwa mfuko maalum na kutoa matibabu yote kwa pamoja hupunguza kwa asilimia 60 visa vya kutokwa na damu kupita kiasi baada ya kuzaa. Mtoto anayebaki bila mama hupoteza maziwa, joto na mlinzi wake wa kwanza kwa siku moja.

Baada ya kujifungua

Kwa desturi, mama akishajifungua salama shangwe hupigwa na wahudumu hugeukia wengine. Ilhali, kote duniani, takriban thuluthi moja ya vifo vya mwezi wa kwanza hutokea siku ya kwanza, na robo tatu hutokea ndani ya wiki ya kwanza. WHO inashauri mama na mtoto waangaliwe kituoni kwa angalau saa 24, kisha wachunguzwe tena katika siku ya pili au ya tatu na wiki ya pili.

Ziara hizo ndizo nafasi ya kuona kitovu kinachotoa usaha, mtoto aliyegeuka manjano au mama mwenye homa. Ndipo pia mama hufundishwa kunyonyesha. Katika utafiti wa 2008-09, asilimia 32 ya watoto wa chini ya miezi sita walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, na kufikia 2014 wakawa asilimia 61. Sheria ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala ilipitishwa 2012, na mnamo 2019 Hospitali ya Pumwani ikafunguliwa benki ya maziwa ya akina mama kwa ajili ya watoto wagonjwa na mayatima. Lakini utafiti wa 2022 uliwapata asilimia 60, ishara kwamba maendeleo yamekwama.

Isitoshe, huu ndio wakati mwafaka wa kuzungumzia mimba ijayo. Mama anayetoka wadini akiwa tayari amechagua njia ya kupanga uzazi huwa ameshampa mtoto aliye mkononi miaka miwili ya kunyonya na kutunzwa.

Jamii ina nafasi yake

Wakunga wa jadi wameaminiwa kwa vizazi, na kuwafukuza hakujaleta faida. Sehemu kadhaa za nchi zimewageuza kuwa wasindikizaji, wanaomtambua mjamzito kijijini, wakamshauri na kumfikisha kituoni. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa ili watembelee familia nyumbani. Kazi yao inaweza kuondoa kizingiti cha kwanza, kile cha uamuzi, mradi walipwe kwa wakati.

Waume nao hawana budi kuacha kuiona kliniki kama shughuli ya wanawake. Mume anayejua tarehe ya kujifungua, aliyeweka nauli kando na aliyekubaliana na mwenye gari au bodaboda mapema, huwa ameondoa vizingiti viwili kabla havijajitokeza.

Dalili za hatari

Mjamzito anafaa kufikishwa hospitalini mara moja akiona lolote kati ya haya:

- Kutokwa na damu ukeni.
- Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, au kuvimba uso na mikono.
- Kupatwa na mitukutiko ya mwili au kuzirai.
- Homa kali au maumivu makali ya tumbo.
- Maji kuvunjika kabla ya uchungu kuanza.
- Mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni.

Mtoto mchanga naye arejeshwe hospitalini bila kuchelewa iwapo:

- Anakataa kunyonya au ananyonya kwa unyonge.
- Anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa.
- Mwili una joto jingi au ni baridi kuliko kawaida.
- Anatukutika au hajisogezi isipokuwa akiguswa.
- Nyayo zimegeuka manjano.
- Kitovu kinatoa usaha au ngozi inayokizunguka ni nyekundu.

Safari iliyosalia

Kenya, pamoja na mataifa mengine, iliahidi kwamba kufikia 2030 vifo vya mwezi wa kwanza havitazidi 12 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Kutoka 21 hadi 12 ni mwendo mrefu. Historia ya miaka 20 iliyopita inaonyesha njia mbili zilizofanya kazi na moja iliyosahaulika. Chanjo na neti ziliokoa watoto waliovuka mwezi wa kwanza. Kuondolewa kwa ada kuliwafikisha akina mama mlangoni mwa hospitali. Lililosalia ni kuhakikisha kwamba ndani ya mlango huo kuna mkunga asiyeelemewa, mfuko wa kupuliza hewa ulio karibu na kitanda, damu katika hifadhi na kitambaa cha kumfunga mtoto kifuani mwa mamake.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mtoto mchanga, kinga hiyo huanza na sindano ya kupanga uzazi ambayo haikukosekana zahanatini, ikaendelea na kliniki iliyoanza mapema, na ikakamilika katika ile dakika moja ya kwanza ya kupumua.